Sura ya Saba: Injini Ikae Wapi

Muuzaji wa boti huanza na nguvu za farasi, kwa sababu ndizo tamu kutajwa. Farasi 200, farasi 250, farasi 300. Mnunuzi naye, huku watoto wakirukaruka kwenye viti vya boti ya maonyesho, huitikia kwa kichwa kana kwamba upepo wa kasi hiyo umeshampiga usoni. Lakini kwenye boti ya sitaha ya familia, farasi 250 ni farasi 250, zitoke kwenye injini iliyopachikwa nyuma au kwenye injini iliyofichwa chini ya godoro la kuotea jua. Boti zote mbili zitapanda juu ya maji na kukimbia, zote zitamvuta mtoto kwenye boya, na mafuta zitakunywa kwa kiasi kinachokaribiana. Yanayozitenganisha hayaonekani siku ya kununua: boti italala wapi, kwenye maji ya namna gani, na watoto watakuwa wamekaa sehemu gani ikiwa imesimama.

Nimesema ikiwa imesimama kwa sababu hiyo ndiyo hali yake ya kila siku. Familia ya Kimarekani ikiitembeza boti yake saa 100 kwa mwaka, majirani huwahesabu kuwa watu wa majini hasa. Mwaka una saa 8,760. Sura hii basi inaipima injini kwa zile saa 8,660 zilizobaki, ambazo brosha haina hata picha moja ya kuzionyesha.

Kwanza boti yenyewe, maana si kila msomaji amewahi kuiona. Boti ya sitaha ni mtoto wa maziwa ya Marekani. Mkuku wake ni wa pembe kama wa boti yoyote ya mwendo kasi, ila omo imepanuliwa mpaka inakaribia upana wa katikati, ili mbele pakae watu mahali ambapo pangekuwa na pua iliyochongoka. Urefu wake aghalabu ni kati ya mita 6 na 8. Upana hufika mita 2.59 na kuishia hapo, kwa sababu kitu kipana kuliko hivyo hakikokotwi kwenye barabara kuu za Marekani bila kibali. Humo huingia wazazi, watoto, rafiki za watoto, shangazi mmoja, mbwa, sanduku la barafu na redio yenye spika nyingi kuliko inavyohitajika. Ni daladala isiyo na konda. Bahari kuu si mahali pake; omo pana hupigwa na mawimbi kwa kishindo, na Jumamosi ya kiangazi kwenye Lake of the Ozarks, pale Missouri, hata mawimbi ya boti za watu wengine hutosha kuwatoa abiria wa mbele kwenye viti.

Injini ya kupachika haihitaji maelezo mengi kwa mtu wa pwani yetu au wa Ziwa Victoria. Ni ile inayobanwa kwenye ubao wa tezi: kichwa juu, mguu chini, rafadha mwisho wa mguu, na yote hugeuka na kuinuka kwa pamoja. Ya pili ndiyo ngeni. Injini yake, ndugu wa karibu wa injini ya gari, hukaa ndani ya boti, nyuma kabisa, imelazwa chini ya kifuniko. Shafti yake hupita kwenye tundu lililokatwa katika ubao wa tezi, na nje ya tundu hilo huning'inia mguu wenye gia na rafadha. Mguu huo ndio unaogeuka kuongoza chombo na ndio unaoinuliwa. Injini haitoki mahali pake. Nitaiita injini ya ndani, ingawa nusu yake iko nje.

Ya kupachika ndiyo ya zamani. Mwaka 1909 Ole Evinrude, Mnorwe aliyekulia Wisconsin, alianza kuuza mashine yake kutoka Milwaukee: farasi moja na nusu, uzito wa kilo 28 hivi. Nusu karne baadaye injini za kupachika zilikuwa zimekua, lakini kubwa kabisa zilikuwa bado hazijafika farasi 100, na karibu zote zilikuwa za mipigo miwili, zile za kuchanganya petroli na oili, zenye moshi wa buluu na kiu isiyokatika. Aliyetaka nguvu zaidi ilimbidi aweke injini ya gari katikati ya boti, na shafti ndefu na usukani vikipita chini. Injini ikala nafasi ya watu, na boti ikawa haiwezi kusogea ufukweni wala kwenye maji ya magotini.

Januari 1959, kwenye maonyesho ya boti ya New York, kampuni ya Volvo Penta ya Sweden ilileta jibu lililoitwa Aquamatic. Wazo lilitoka kwa Jim Wynne, mhandisi wa Kimarekani aliyekuwa ameacha kazi kwa Carl Kiekhaefer, mwenye kampuni ya Mercury. Farasi 80 za Aquamatic hazikumtisha mtu. Kilichovutia ni njia iliyofunguliwa: injini yoyote ya gari, ya mipigo minne, isiyotoa moshi wa buluu, yenye vipuri vya kila duka, ingeweza sasa kusukumwa mpaka nyuma kabisa ya boti na kufungwa mguu unaoinuka. Kiekhaefer, ambaye biashara yake ilisimama juu ya injini za kupachika, hakukaa kuangalia. Mwaka 1961 akatoa MerCruiser, injini yake ya ndani, na haikuchukua muda akalitawala soko hilo ambalo mtu wake wa zamani ndiye aliyelifungua. Miongo minne iliyofuata ilikuwa ya injini ya ndani. Ukisema boti ya familia ya Kimarekani ya mwaka 1990, umesema boti yenye injini ya silinda sita au nane ya General Motors chini ya godoro.

Kilichoipindua meza hiyo ni sheria, na teknolojia ikafuata. Mwaka 1996 shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, liliweka viwango vya moshi kwa injini za kupachika, vikikazwa hatua kwa hatua hadi 2006. Watengenezaji walilalamika, kisha wakaunda mipigo minne. Matokeo yake, mashine iliyokuwa na kelele na harufu ikawa tulivu kiasi kwamba ikiwa imesimama bila gia unalazimika kutazama mshale wa mizunguko kujua kama inawaka. Zamu ya injini za ndani ilifika 2010: EPA ikadai kiwango ambacho hakifikiwi bila katalisti kwenye njia ya moshi, kama gari. Katalisti ni ghali, na katikati ya maji na joto la chumba kilichofungwa ni ghali zaidi. Ongezeko hilo la bei lilikuja wakati watu walikuwa bado hawajainuka kutoka kwenye mdororo wa 2008. Juu ya hapo, injini za zamani za General Motors, ambazo zilikuwa uti wa mgongo wa biashara, zilianza kuachwa, hata Mercury ikaunda yake mwenyewe ya lita 4.5 mwaka 2014. Upande wa pili, injini za kupachika ziliendelea kunenepa: Yamaha ilitoa ya farasi 350 mwaka 2007, Mercury ya farasi 600 mwaka 2021. Hoja ya kale kwamba nguvu nyingi hazipatikani nje ya boti ikafa kifo cha kawaida. Wajenzi wakachora upya boti zao za familia. Sea Ray, kwa mfano, iliiuza SDX 250 kwa namna zote mbili, mteja achague.

Mteja achague. Ndipo tulipo.

Turudi kwenye lile tundu. Kwa mtu aliyekulia kando ya majahazi, ambako fundi hupoteza siku nzima kukalafati mianya isiyopitisha hata kucha, ni jambo la kushangaza kuona ubao wa tezi umekatwa tundu linaloweza kupitisha kichwa cha mtu mzima, sehemu yake ikiwa chini ya maji, na kukatwa huko kukawa ndiko sahihi. Maji hayaingii kwa sababu ya mpira. Ni mpira mweusi wenye mikunjo mikunjo, umbo la bomba fupi, uliobanwa ncha moja kwenye boti na nyingine kwenye mguu. Ndani yake zinazunguka krosi za shafti, na upande wa ndani wa boti kuna beringi kubwa inayoishika shafti hiyo. Mguu ukigeuka kulia, mpira unajikunja kulia. Ukiinuliwa, mikunjo ya juu inabanana na ya chini inavutika. Jua, chumvi, viumbe wa maji wenye magamba makali na panya-maji wenye meno vyote huutafuta. Katika maji baridi ya ziwa unaweza kudumu miaka mingi. Mafundi waangalifu huubadilisha mapema kuliko hapo, kwa sababu hauonyeshi dalili kubwa. Huanza kwa ufa mwembamba ndani ya bonde la mkunjo, mahali ambapo huoni mpaka uutanue kwa vidole huku mtu mwingine akiushusha mguu. Maji yakipenya kidogo, huosha grisi ya beringi, na beringi huanza kuunguruma ukikata kona. Yakipenya sana, yanaingia kwenye ngama, pampu inaanza kufanya kazi usiku kucha, betri inaisha, na asubuhi boti iko chini ya gati ikishikiliwa na kamba zake.

Injini ya kupachika haina mpira huo wala tundu hilo. Ikimaliza kazi, unabonyeza kitufe, mguu mzima unatoka majini, unabaki hewani ukikauka. Mguu wa injini ya ndani hata ukiinuliwa mpaka mwisho, shingo yake inabaki majini pamoja na mpira na bamba lililoushika. Kwenye maji matamu hilo ni usumbufu. Kwenye maji ya chumvi, katika joto la Florida, boti ikiachwa imefungwa gatini majuma kadhaa, utaikuta shingo hiyo imevaa koti la magamba, na alumini yake ikianza kuliwa pole pole na umeme mdogo unaopita kati ya metali tofauti ndani ya maji. Vipande vya kafara hufungwa ili viliwe badala yake: zinki kwa maji ya chumvi, magnesi kwa maji matamu, alumini kwa yote mawili. Wenye boti wengi huvisahau mpaka viishe, na vikiisha, kinacholiwa baada yao ni mguu.

Chumvi pia huingia ndani. Injini nyingi za ndani hupozwa kwa maji yale yale zinayoelea juu yake, yakizungushwa kwenye manifoldi za chuma cha kumimina na viwiko vya kutolea moshi. Zinaoza kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo rangi ya juu hubaki nzuri. Ukuta kati ya maji na moshi ukitoboka, maji hurudi kwenye silinda, na injini iliyozimwa Jumapili ikiwa nzima hukataa kuzunguka Jumamosi inayofuata. Kwenye chumvi, manifoldi hizo huhesabiwa kuwa vipuri vya kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Kuna mfumo wa kupoza uliofungwa, wenye maji yake na dawa yake kama rejeta ya gari, unaopunguza balaa hilo. Kwa boti ya chumvi, injini ya ndani usiinunue bila mfumo huo. Ya kupachika nayo hupozwa kwa maji ya bahari, lakini njia zake ni fupi, na dakika kumi za mpira wa bustani wa maji matamu baada ya safari huosha karibu zote.

Kisha kuna adui ambaye mtu wa Tanga hana sababu ya kumfikiria: barafu. Maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9, na bloku ya chuma haina pa kupanukia. Injini ya kupachika ikiachwa wima, maji yote hushuka na kutoka yenyewe. Mwenye injini ya ndani hana bahati hiyo. Ni lazima apige magoti chini ya kifuniko, afungue vizibo vya kila upande wa bloku, vya manifoldi, na mabomba ya chini, kisha achokonoe kila tundu kwa waya kwa sababu kutu huweza kuliziba tundu hata kizibo kikiwa kimetoka, akadhani maji yameisha. Wakazi wa Minnesota hawasahau, maana huko baridi huja kama kodi ya nyumba. Wanaopasua injini ni wale wa majimbo ya katikati na kusini, ambako Novemba inaweza kuwa na alasiri ya kuogelea na usiku mmoja wa kuganda ndani ya juma moja. Bloku iliyopasuka hivyo haitengenezwi kwa bei ya akili.

Mpaka hapa msomaji atauliza kwa nini basi mtu yeyote anunue injini ya ndani. Jibu liko kwenye kibaraza cha kuogelea.

Nyuma ya boti yenye injini ya ndani, juu ya mguu, kuna kibaraza kinachotoka ubavu hadi ubavu, kimo cha maji au karibu yake, na juu yake godoro pana ambalo chini lina injini. Kwenye Lake of the Ozarks au Lake Lanier kule Georgia, hapo ndipo maisha ya boti yalipo. Nanga inatupwa kwenye ghuba, injini inazimwa, na kwa saa nne zinazofuata hakuna anayekaa mbele. Bibi ameketi ukingoni miguu ikiwa majini. Mtoto wa miaka mitano anapanda ngazi, anaruka, anapanda tena. Vijana wamelala kwenye godoro. Unashuka na kupanda bila kupita karibu na chuma chochote.

Weka injini ya kupachika mahali hapo na kibaraza kinakatika vipande viwili, kimoja kila upande wa mashine yenye kimo cha mtu aliyeketi. Ngazi iko kwenye kipande kimoja, na anayepanda huinuka ubavuni mwa mguu wa injini. Mguu ukiwa umeinuliwa, mabawa ya rafadha yako kimo cha uso. Wajenzi wamejitahidi, wameunganisha vipande kwa kijia mbele ya injini, wameweka ngazi ya pili kwenye omo. Bado si kibaraza kile. Familia ambayo hufika, hutia nanga na kuogelea mchana kutwa, nadhani ina haki ya kusikia hili kwanza kabla ya kuhesabiwa gharama za mipira na manifoldi.

Ila kibaraza kina hatari mbili zinazokifuata kila kilipo, na muuzaji hazitaji. Ya kwanza ni kwamba rafadha iliyofichwa chini ya miguu bado ni rafadha. Haionekani, ndiyo maana watu huizoea. Ya pili ni moshi. Injini zote mbili hutoa moshi chini ya maji, kupitia kitovu cha rafadha, na moshi huo huibuka nyuma ya boti, hapo hapo penye watu. Una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayolewesha kabla ya kuua. Uchunguzi wa mwaka 2000 kwenye Lake Powell, baada ya vifo karibu na boti-nyumba, ulionyesha jinsi hewa hiyo ilivyokusanyika chini na nyuma ya vibaraza. Pale moshi ulitoka kwenye jenereta, lakini kanuni ni ile ile kwa injini yoyote ya petroli. Injini ikiwaka, hata kama boti haiendi popote na unataka redio tu isikate betri, hakuna mtu anayekaa kibarazani wala kushika ukingo wake. Redio izimwe.

Injini ya ndani ina hatari yake ya ziada, ya mvuke wa petroli. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo ukivuja hutulia kwenye ngama, chumba kile kile chenye stata na waya. Ndiyo sababu chumba hicho kina feni ya kunyonya hewa, na ushauri wa walinzi wa pwani wa Marekani ni kuiwasha dakika nne kabla ya kuwasha injini, hasa baada ya kujaza mafuta, kisha kufungua kifuniko na kunusa. Dakika nne ni ndefu mbele ya watoto wenye hamu ya kuondoka. Nahodha wa familia anayezihesabu zote namheshimu kuliko anayejua kuegesha kwenye upepo.

Kuvutwa majini nako kuna neno lake. Tangu Ralph Samuelson ajifunge mbao miguuni kwenye Lake Pepin mwaka 1922, watoto wa maziwa ya Marekani hawaridhiki na safari isiyo na kamba nyuma. Kwa boya na mbao za kawaida injini zote mbili hufaa. Ile ya kupachika huhitaji mlingoti wa kuipitisha kamba juu ya kichwa chake, basi. Mchezo wa sasa wa kuteleza juu ya wimbi la boti yenyewe, bila kamba, hatua chache tu kutoka kibarazani, ni habari nyingine. Rafadha iliyo nyuma haifai kabisa kwa hilo, iwe ya mguu huu au ule. Volvo Penta ilileta mwaka 2015 mguu ambao rafadha zake zinatazama mbele na zimejificha chini ya boti, mahususi kwa mchezo huo. Watoto wako wakiutaka, orodha yako ya boti imejifupisha yenyewe, na mashine ya kupachika haimo.

Uzito na nafasi nitavipitia haraka. Injini ya kupachika ya Mercury ya farasi 200, ile ya silinda sita, ina kilo 216. Ya ndani ya lita 4.5 pamoja na mguu wake inakaribia 380. Tofauti hiyo ni watu wazima wawili. Kwa upande mwingine, kilo za injini ya ndani zimelala chini na ndani ya chombo, na kilo za kupachika zinaning'inia nyuma ya tezi, kwa hiyo mizani ya majini haiko kama mizani ya ghalani. Nafasi ni rahisi zaidi kuiona: pale palipokuwa na injini panapatikana stoo ya maboya, mbao na mifuko yote, ambayo vinginevyo hulala miguuni mwa watu. Kuhusu kelele, wazee husifu mngurumo wa silinda nane. Ni suala la masikio.

Fundi ana maoni yake, na ningemsikiliza. Injini ya kupachika ukivua kofia, kila kitu kiko mbele yako, umesimama wima. Plagi, oili, chujio la mafuta, kisha chini oili ya gia na pampu ya maji. Ya ndani, plagi za nyuma zinafikiwa kwa kulala kifudifudi na kupapasa. Kila mwaka mguu unatakiwa kufunguliwa ili krosi zitiwe grisi, beringi isikilizwe, mpira ukaguliwe na mnyoofu wa shafti upimwe. Hiyo ni kazi ya siku ya fundi, na fundi wa boti wa Kimarekani mwezi Mei hana siku. Injini ya kupachika ikifa kabisa, hufunguliwa boliti, ikainuliwa kwa winchi, ikaja nyingine. Mvuvi wa Ziwa Victoria anaijua faida hiyo kwa umbo dogo zaidi: mashine yake ya farasi 15, kilo 36, huibeba begani jioni na kulala nayo nyumbani, wezi wakose.

Sasa nitoe hukumu yangu, na msomaji aipinge akiwa na sababu. Familia inayokaa pwani ya Ghuba ya Mexico kule Florida, ambayo boti yake itaelea kwenye chumvi, ikipita juu ya nyasi za baharini na vilima vya chaza kwenye maji ya kiunoni, ichukue injini ya kupachika na isipoteze jioni kujadili. Kibaraza kilichokatika ni bei ndogo. Wenye boti inayolala kwenye trela barazani kwao, kokote waliko, wana uhuru mkubwa, kwani mpira unaokauka siku sita kwa juma na kukaguliwa kwa macho kila Jumamosi ni mpira usio na siri. Hao waulizane wanapenda nini. Familia ya Missouri yenye jukwaa la kuinulia boti juu ya maji chini ya paa la gati, inayoogelea kuliko inavyokimbia, na iliyo na mtu mmoja nyumbani wa kukumbuka vizibo mwezi Oktoba, hiyo naiambia bila haya ichukue injini ya ndani, hata kama jirani zake wote wamehama. Asipokuwapo mtu huyo wa Oktoba, jibu linabadilika.

Kuhama huko kwa jirani kuna upande mzuri pia. Boti za injini ya ndani zilizotumika zinauzwa kwa bei iliyolegea, kwa kuwa wanunuzi wamesikia nusu ya habari. Ukienda kuitazama mojawapo, iwe imetolewa majini. Anza nyuma. Geuza mguu mpaka mwisho kulia, tanua mikunjo ya mpira kwa vidole, kisha kushoto. Tazama vile vipande vya kafara: vikiwa vipya kabisa, muulize mwenyewe vya zamani vilibadilishwa lini, vikiwa havina alama yoyote ilhali boti imekaa majini miaka, huenda havijaungwa na metali ipasavyo na mguu ndio umekuwa ukilipa. Ingia ndani, funua kifuniko, nusa kabla ya kugusa swichi. Angalia ubavu wa bloku, juu kidogo ya vizibo, kama kuna mstari mwembamba wa kutu au gundi ya chuma iliyopakwa rangi mpya. Hapo ndipo barafu huacha sahihi yake. Gonga ubao wa tezi kwa mpini wa bisibisi kuzunguka tundu lote, maana mbao iliyonyonya maji hutoa sauti butu. Kisha omba risiti ya mpira na beringi. Kama hana, hesabu vipuri hivyo na siku nzima ya fundi, uviondoe kwenye bei, halafu ndipo utaje yako.